Fundo la Mama Mkwe

Mwezi wa Julai ukungu huingia Mkunya, huku kwetu Newala, kama mgeni asiye na haraka. Hufika kabla ya alfajiri, hukaa juu ya mikorosho, huingia mpaka majikoni, na watu wakimaliza kunywa chai bado haujaaga. Wenyeji huvaa makoti ya mitumba yaliyonunuliwa Masasi na kuambiana kwamba baridi ya mwaka huu haijapata kuonekana. Mwaka jana waliambiana hivyo hivyo. Ni majira ambayo fedha za korosho zilizopita zimekwisha kusahaulika na korosho zijazo bado ni maua, na mtu mwenye busara huanza kuutazama msitu wa kwenye mteremko kwa jicho la mpishi.

Ni katika majira hayo Fortunatus alifukuzwa nyumbani kwake. Kusema kweli haikuwa nyumba yake, ndiyo maana alifukuzika kwa urahisi. Alikuwa mtu wa Lukuledi, kule bondeni kwenye misheni, na alipomwoa Bertila alihamia ukweni kama walivyofanya wanaume wengi wa huku kabla yake: mume humfuata mke, hujenga kwenye kiwanja cha wakwe, hulima shamba la wakwe, na kila siku ya maisha yake huwa ni mtihani unaosahihishwa na mama mkwe. Fortunatus alikuwa ameufaulu mtihani huo miaka mingi, mpaka alipokosea swali moja la ming'oko.

Kazi yake ilikuwa banda la video, lenye kuta za mabanzi na mabenchi ya kukalia, karibu na gulio. Humo alitafsiri filamu papo kwa papo, kipaza sauti mkononi, bila kuitazama filamu hata mara moja kabla ya watu kuingia. Kiingereza chake kilikuwa cha misheni, cha kuimbia na kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Kichina na Kihindi alivisoma kwenye nyuso za waigizaji. Kila jambazi alimpa jina la mtu wa Masasi mjini, kila shujaa alikuwa mzaliwa wa Newala, na wapenzi walipogombana aliwagombanisha kwa mambo ambayo Mkunya nzima ilikuwa ikigombana wiki hiyo. Watu waliipenda filamu kwa sababu yake. Walikuwepo walioamini kwamba bila yeye wale Wachina wasingejua la kufanya. Mlangoni alisimama Bwanali, rafiki yake, ambaye kazi yake ilikuwa kukata tiketi na kipaji chake kilikuwa kumzomea mtafsiri.

Mama mkwe aliitwa Josephina. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, anayefunga kilemba chake kwa mtindo wa ujana wake, ncha mbili zimesimama juu ya kichwa, na akitembea kwenye ukungu ncha zile zilitangulia kuonekana kabla yake. Kwa desturi, Fortunatus hakumtazama usoni wala hakumsemesha. Wakikutana njiani aliingia majanini mpaka mkwe apite. Kiti chake hakukigusa, sahani yake hakuigusa. Yaliyohitaji kusemwa kati yao yalipita kwa January, kaka wa Josephina, mjomba wa Bertila, mzee mnene mwenye sauti ya upole ambaye aliupokea kila ujumbe kwa kikombe cha chai na kuufikisha kwa kikombe kingine.

Sasa kuhusu ming'oko. Ni viazi vya porini, virefu, vyembamba, vitamu kuliko muhogo, na hujificha chini sana. Mvua zinaponyesha mmea wake hutambaa juu ya vichaka, kijani kibichi, kila mtu anauona. Kiangazi kikija majani hupukutika, kamba yake hukauka na kukatika, na chini ya majani makavu hakuna dalili tena kwamba pana chakula. Kwa hiyo wanawake wa huku hutembea msituni wakati wa masika, wakiona mmea mzuri hufunga ukanda wa gome kwenye mti wa karibu. Fundo lile ni kumbukumbu na ni mlango. Mwenye fundo ndiye atakayechimba, na akichimba huacha kichwa cha kiazi ardhini na kulifukia shimo, ili mwakani pawe na kitu.

Fortunatus aliyajua hayo. Kwao Lukuledi pia walifunga. Ila kwao fundo lilikuwa la nyumba nzima, na yeyote wa nyumba ile aliweza kulifuata. Hakujua kwamba huku kwa wakwe zake kila mwanamke ana fundo lake: Bertila aliacha mkia wa gome ukitazama juu, mama yake aliuacha ukitazama chini. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mwanamume angekwenda.

Alikwenda siku Bertila alipolala na homa. Alitaka kumfurahisha. Alichukua mtaimbo, akateremka msituni, akaliona fundo, akachimba, na akatoa ming'oko minene ambayo ilimfanya acheke peke yake, asahau kichwa na shimo. Aliichemsha mwenyewe, akaitia chumvi na pilipili, akampa mkewe, na kwa kuwa alikuwa mkwe mwema, akapeleka sahani moja kwa mama mkwe kupitia kwa January. Josephina alikula.  Kisha akamtuma kaka yake arudi kusema kwamba tangu mumewe afariki hakuna mwanamume aliyemlisha chakula kitamu namna ile. January aliufikisha ujumbe bila kuuongezea chochote, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Fortunatus alilala usingizi wa mtu aliyefaulu.

Kesho yake Josephina alikwenda kwenye fundo lake mwenyewe, lile alilolitunza kwa siku ngumu za mwisho wa kiangazi, akakuta shimo wazi, kichwa cha kiazi kimeng'olewa, na alama za ndara za mkwewe pande zote kama mahali walipocheza ngoma.

Kilichomuuma si ming'oko. Wala si mwiko peke yake, ingawa mkwe kugusa cha mama mkwe ni jambo zito. Kilichomuuma ni ile sifa. Alikuwa amelishwa akiba yake mwenyewe, na akashukuru.

Uamuzi ulikuja kupitia kwa January: Fortunatus aondoke uani, na kama mpaka korosho zianze kuanguka mambo hayajatengenezwa, arudi kwao Lukuledi, Bertila atabaki na binti yao Upendo na uwanja utafagiwa nyayo zake. Fortunatus akahamia kwenye banda lake. Alilala juu ya mabenchi mawili yaliyounganishwa, akala maandazi, na akaanza kutafsiri filamu za kupigana kwa sauti ya msibani.

Alituma msamaha. Tatizo lilikuwa mjumbe. January hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa hajawahi kupata ugomvi mzuri kama ule, wenye chai pande zote mbili, na kila ujumbe aliulisha njiani mpaka ukanenepa. Fortunatus alisema hakujua lile fundo ni la nani. Ilipofika uani ilikuwa imekuwa kwamba fundo halikufungwa vizuri. Josephina akajibu kwamba mtu asiyejua huuliza. Ilipofika bandani ilikuwa imekuwa kwamba watu wa Lukuledi hawajui kitu tangu wazaliwe. Bertila, ambaye alikuwa amepona na alikuwa akimletea mumewe chakula kwa siri iliyojulikana na kila mtu, alimwambia kwamba mjomba wake akiendelea kuwapatanisha hivyo watafika mahakamani.

"Kaongee na mama," alimwambia siku moja.

"Nitaongeaje na mkwe, Mama Upendo? Unataka nife nikiwa mpumbavu?"

"Kufa sijui," Bertila alisema, akakusanya vyombo. "Hilo la pili ulishalimaliza."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa siku mwalimu Loyce alipokuja bandani. Alikuwa mtu wa Kagera, anafundisha sayansi, na bado alishangaa kila Julai kwamba upande huu wa kusini unaweza kuwa na baridi. Alikuwa na filamu ya wanyama kwenye flashi, aliyopewa na mwenzake wa chuoni, na alitaka wanafunzi waione Jumapili mchana pamoja na wazazi wao, waone jinsi viumbe wanavyotafuta chakula wakati wa uhaba. Wanyama wenyewe waliitwa karibuu, jamii ya kulungu wakubwa wa misitu ya nchi za baridi. Fortunatus aliona jina hilo litaleta kicheko kabla ya wakati, akaamua kuwaita kulungu wa theluji. Mwalimu aliomba radhi kwa jambo moja: filamu ilikuwa ya Kifaransa, naye hakujua hata neno. Fortunatus alimwambia Kifaransa hakina shida. Alishatafsiri Kikorea.

Jumapili banda lilijaa. Wanafunzi walikaa chini mbele, wazazi kwenye mabenchi. Josephina naye alikuja, kwa sababu shule ilikuwa imeomba kila nyumba ilete mkubwa wake, na yeye hakuwahi kuruhusu mtu mwingine aitwe mkubwa. Alikaa karibu na runinga, mgongo kwa mtafsiri, kanga imeinuliwa upande mmoja wa uso kama ukuta. Bertila alikaa pembeni yake. Fortunatus, kule nyuma na kipaza sauti chake, aliziona zile ncha mbili za kilemba zimesimama mbele ya kioo cha runinga.

Filamu ilianza na msimu wa kupukutika majani. Msitu ulikuwa mwekundu na wa manjano, na kulungu wa theluji walipita humo wakila uyoga, majani, nyasi za mwisho. Madume yalikuwa na pembe kubwa za matawi matawi, shingo nene, na mwendo wa kutafuta ugomvi. Fortunatus alijisahau kidogo. Alieleza kwamba hapo kwao ndiyo korosho zimeuzwa. Huyu amenunua simu. Huyu anamwagizia kila mtu soda. Yule pale ana mke tayari lakini ananunua kanga ya pili, na hataki kuulizwa ni ya nani. Wanawake walipiga makofi. Wanaume walitazama dari.

Kisha theluji ikaanguka, na kila kitu kikawa cheupe. Watoto waliuliza kama ni ukungu. Wanyama walitembea mmoja nyuma ya mwenzake, kila mguu kwenye alama ya aliyetangulia ili wasichoke, wakafika mahali pasipo na dalili yoyote ya chakula. Mmoja mwenye pembe akasimama. Akashusha pua mpaka kwenye theluji, akavuta pumzi, akaisogeza pua kidogo, akavuta tena. Halafu akaanza kuchimba kwa kwato za mbele.

 Hapakuwa na mtu bandani ambaye hakuielewa kazi ile. Theluji iliruka nyuma, shimo likazama, kichwa kikaingia humo mpaka machoni, na kikatoka kikitafuna vijimea vya kijivu vilivyojikunja kama ndevu za mzee. Wanawake walianza kunong'onezana. Mmoja alisema anachimba vizuri, ila kwa kunusa tu, bila fundo, lazima awe amezaliwa hapo. Mwingine akasema kunusa ni fundo lake.

Mnyama mwingine akasogea, aliyeonekana mdogo kidogo kwa sababu hakuwa na pembe kabisa. Alilitazama lile shimo kwa upendo. Mwenye pembe aliinua kichwa na kumfukuza.

"Mzee mwenye nyumba huyo," Fortunatus alisema kwenye kipaza sauti, sauti ya kishujaa imemrudia. "Anamwambia mkewe: mama watoto, subiri, baba ndiye anayekula kwanza. Ndiyo desturi yao. Mwanamke huyu mnyonge anarudi nyuma, machozi yanamtoka..."

Ndama akatokea kwenye miti. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee mwenye nyumba, akaingiza kichwa chini ya tumbo lake, kule nyuma, na akaanza kusukuma. Hakupata kitu, lakini ilionekana wazi kwamba anajua anachokitafuta.

 Kisha kamera ikamzunguka yule mke mnyonge, ikamtazama kutoka nyuma, taratibu, bila aibu, na hakuna aliyeweza kubishana na kilichoonekana pale.

"Baba Upendo," Bwanali alisema kutoka mlangoni, kwa heshima zote. "Huyo mke mnyonge, amewekewa nini hicho?"

Banda lilipasuka. Watu walianguka kutoka kwenye mabenchi. Watoto walicheka kwa sababu wakubwa walicheka, na mwalimu Loyce, akijifuta macho, alisimama kueleza kwamba ni kweli, alisoma chuoni akasahau: kwa wanyama hawa jike naye huota pembe, na dume huzipukutisha zake msimu wa kupandana ukiisha. Jike mwenye mimba hubaki na zake baridi nzima, ili ailinde sehemu aliyochimba. Dume lote lile la juzi, na pembe zake zote, sasa hula kwa ruhusa.

Hapo wanawake ndio waliocheka upya. Wanaume waliosema kitu ni wachache.

 Kwa mara ya kwanza tangu banda lijengwe, filamu ilijiendea yenyewe, Mfaransa akinong'ona mambo yake, na mtafsiri amesimama kipaza sauti kimeshuka. Yule dume asiye na pembe alikuwa anarudi. Alikuja kwa upande, shingo chini, akijifanya anatazama miti, hatua moja, anasimama, hatua nyingine. Mwenye pembe aliinua kichwa kutoka shimoni. Na mbele ya kioo, chini kidogo ya zile pembe, zilisimama ncha mbili za kilemba, hazitikisiki.

Mkwe hamsemeshi mama mkwe. Lakini hakuna desturi, Lukuledi wala Newala, inayomkataza mtu kutafsiri filamu.

"Nilikosea," Fortunatus alisema kwenye kipaza sauti.  "Huyu mwenye pembe ni mama. Ni mama mkwe. Na huyu asiye na pembe ni mkwe wake, ametoka bondeni, hajui msitu wa huku. Juzi alichimba pasipo pake. Kwao walimfundisha kwamba pa nyumba ni pa wote. Hakuuliza. Angeulizaje, na kinywa chake chote kilikuwa kinajisifu? Sasa anasema... mnamwona alivyoinamisha shingo... anasema: mama yule alimsifu kwa chakula. Ile sifa anairudisha. Haikuwa yake. Utamu haukuwa wa mpishi. Ulikuwa wa yule aliyepaona mahali pale wakati wa mvua, akapatunza."

 Bertila alikuwa ameshika mdomo. January, kwenye benchi la katikati, aligeuka huku na huku kama mtu aliyeona biashara yake inauzwa bila yeye kuwepo.

Josephina hakugeuka. Kanga yake ilibaki imeinuliwa. Alikitazama kioo muda mrefu, mpaka yule dume akafika karibu kabisa na ukingo wa shimo na kusimama hapo, akitoa mvuke puani.

"Mwalimu," alisema, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. "Huyo mnyama asiye na pembe anasikia Kiswahili?"

Mwalimu Loyce alimtazama, akamtazama Fortunatus kule nyuma, na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye akili alijibu kwamba anadhani anasikia.

"Basi mwambie. Njaa si kosa. Kutokujua si kosa kubwa. Ila mtu anachimba, anang'oa mpaka kichwa, anaondoka na kuacha shimo wazi kama mdomo wa mlevi? Akalifukie. Kichwa cha kiazi nilikiokota mimi, kipo uani, akipande. Kisha aje ale nyumbani, maandazi yatamuua."

Kwenye kioo, kwa bahati ya wanyama, mwenye pembe alisogea pembeni kidogo, na yule mwingine akaingiza pua shimoni. Bwanali ndiye aliyeanza kupiga makofi. January alilalamika mpaka jioni kwamba mambo ya ukoo hayasemwi mbele ya runinga.

Jumatatu asubuhi, ukungu bado uko chini, watu watatu waliteremka msituni mmoja nyuma ya mwenzake: mbele ncha mbili za kilemba, kisha Bertila, na nyuma kabisa, kwa umbali unaostahili, Fortunatus na jembe. Josephina alisimama upande wa pili wa mti wenye fundo, mgongo kwao. Fortunatus alikiweka kile kichwa cha kiazi ardhini na kuanza kurudisha udongo. Bertila alikaa kwenye gogo akachambua majani ya mboga, na alikataa katakata kuwa mjumbe wa mtu yeyote.

Shimo lilipofika nusu, Fortunatus aliuambia mti kwamba sasa anafukia, na anafukia polepole.

 Kisha Josephina naye akauambia mti kwamba anashindilia mno. Kiazi si maiti. Kitapumuaje?

Fortunatus alilegeza udongo kwa mkono, akauuliza mti kama hivyo inatosha.

Mti ulichelewa kujibu, kama walivyo wakwe wote. "Mwambie inatosha," ulisema hatimaye. "Na mwambie mkia unatazama chini. Auone vizuri leo, asije akasema ni ukungu."